Samani za Mbwa: Wafaransa Walicheka Nini Hasa Mwaka 2008?

Ukikaa na Wafaransa kwa muda, ipo siku mmoja wao atakunja mdomo, aseme "biloute", neno la kumwita rafiki, kwa sauti ya kukwaruza, na meza nzima itaangua kicheko. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa kwamba hicho ni Kich'ti, cha ile filamu. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Ndugu zetu wengi walioko Ufaransa na Ubelgiji, na hata wanaojifunza Kifaransa wakiwa nyumbani, hubaki na maswali yale yale. Ch'ti ni kabila? Ni lugha? Ni Kifaransa kilichoharibika? Na kama ni mzaha tu, mbona wengine hucheka na wengine hununa?

Filamu yenyewe ni Bienvenue chez les Ch'tis, yaani "Karibuni kwa Wach'ti". Aliyeiongoza ni Dany Boon, mchekeshaji aliyezaliwa mwaka 1966 katika mji wa Armentières, kaskazini kabisa mwa Ufaransa, naye pia ni mmoja wa waigizaji wake wakuu. Ilianza kuonyeshwa mkoani Nord-Pas-de-Calais tarehe 20 Februari 2008, wiki moja kabla ya nchi nzima, kwa hiyo wenyeji walijiona wao kwanza kabla ya kutazamwa na wengine. Ikauza tiketi zaidi ya milioni 20 nchini Ufaransa, na wakati huo nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 64. Hakuna filamu ya Kifaransa iliyowahi kufika hapo. Iliyokuwa ikiongoza tangu 1966 ilikuwa na milioni 17 na ushei.

Kisa chake ni chepesi. Philippe Abrams ni meneja wa posta huko Salon-de-Provence, kusini kwenye jua. Mkewe, Julie, ana kiu ya kuishi kando ya bahari ya Mediterania, basi Philippe anajifanya mlemavu ili apate uhamisho wa upendeleo. Anabambwa. Adhabu yake ni kupelekwa miaka miwili Bergues, mji mdogo kaskazini, karibu na Dunkerque. Mtumishi wa umma yeyote wa kwetu analielewa jambo hili bila tafsiri: ule uhamisho ambao wenzako ofisini wakisikia jina la wilaya wanakupa pole kama umefiwa. Njiani, askari wa barabarani anamsimamisha kwa kuendesha polepole kupita kiasi. Akisikia mtu huyu anakwenda kaskazini, anamhurumia na kumwachia. Gari likivuka kibao cha mkoa tu, mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, tutenganishe maneno matatu, maana karibu ugomvi wote juu ya filamu hii unatokana na kuyachanganya.

Mtu wa Mombasa akisoma taarifa ya habari kwa Kiswahili sanifu kisichokosewa hata nukta, bado utamsikia kuwa ni wa Mombasa. Hiyo ni lafudhi: ulimi wa kwao juu ya maneno ya wote. Akirudi nyumbani akasema "mato" badala ya macho, "mtele" badala ya mchele na "kuteza" badala ya kucheza, hapo amezungumza lahaja. Ni mfumo kamili wenye msamiati na kanuni, na mtoto anaupata kwa mamake kabla hajaijua shule. Sasa akitokea mtu wa bara akasema "hawa watu wa pwani kazi hawaiwezi", huyo haongelei tena ulimi wala maneno. Amewabandika watu picha, na picha ya kubandikwa haihitaji ushahidi, inahitaji kurudiwa tu. Lafudhi, lahaja na picha ya kubandikwa ni vitu vitatu mbalimbali. Katika filamu hii vinasafiri kwenye gari moja, ndiyo maana mtazamaji mmoja anacheka kimoja huku jirani yake akiumizwa na kingine.

Kich'ti ni jina la mtaani la Kipikardi kama kinavyosemwa upande wa Nord-Pas-de-Calais. Kipikardi husikika kaskazini mwa Ufaransa na pia magharibi mwa Ubelgiji, pande za Tournai. Jina "ch'ti" au "ch'timi", kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, lilienea katika mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza. Askari wa mikoa mingine waliwasikia wenzao wa kaskazini wakisema "ch'" na "ti" na "mi", yaani hicho, wewe, mimi, wakawaita kwa sauti hizo hizo. Si kabila basi. Ni jina la utani walilopewa na waliokuwa wakiwasikiliza, nao baadaye wakalivaa wenyewe.

Je, ni Kifaransa kilichopinda? Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na hata Wafaransa wasomi hulifanya. Kipikardi hakikuzaliwa na Kifaransa. Vyote viwili vilizaliwa na Kilatini kilichokuwa kikisemwa katika nchi ile. Ni ndugu waliolelewa vyumba viwili vya nyumba moja, mmoja akachukuliwa kwenda ikulu na mwingine akabaki shambani na viwandani. Tazama neno la paka. Kilatini kilisema "cattus", kwa sauti ya k mwanzoni. Kifaransa cha Paris kikaigeuza ile k ikawa sh, ndiyo "chat" ya leo. Kipikardi kinasema "cat", k yake haijaguswa. Mbwa ni "chien" kwa Kifaransa na "kien" kwa Kipikardi. Ukitaka kumtafuta aliyebadilisha sauti ya mababu hapo, utamkuta Paris.

Upande wa pili kuna sauti ambazo Kipikardi ndicho kilichozigeuza. Kilatini "centum", mia moja, kwa Kifaransa ni "cent", hutamkwa kwa s. Kwa Kipikardi ni "chint", kwa sh. "Ça" ya Kifaransa ni "cha". Msikilizaji wa Paris husikia sh mahali anapotegemea s, na k mahali anapotegemea sh, akadhani mwenzake ana kigugumizi. Kumbe mwenzake anafuata kanuni yenye umri wa karne nyingi, kama mtu wa Mombasa anavyoweka t pale pa ch yetu. Mgeni akisikia mtoto wa Mji wa Kale akilalamika, "Mbona wanteka?", anaweza kushtuka kwamba kuna mtu anatekwa. Mtoto anauliza tu kwa nini anachekwa.

Na hapa tuingie Bergues, kwenye sehemu ambayo Wafaransa wengi wanaijua kwa moyo. Philippe amefika nyumba ya kazini anamotakiwa kulala na kuikuta tupu. Hakuna kiti, hakuna kitanda. Anamuuliza Antoine, tarishi wa pale, samani ziko wapi. Antoine, anayeigizwa na Dany Boon mwenyewe, anamjibu kwamba meneja aliyetangulia ameondoka nazo. Kwa nini aondoke nazo? Kwa sababu ni zake, "les siens". Lakini Antoine analitamka neno hilo kwa sh, na masikioni mwa mtu wa kusini linakuwa "les chiens", mbwa. Samani ni mbwa? Mbwa gani? Za mbwa? Maneno yanazunguka na kuzunguka, Philippe amekodoa macho, Antoine naye haoni palipo na ugumu wowote, mpaka Philippe anaelewa kwamba hakuna mbwa. Ndani ya kumbi watu walikuwa wakicheka hadi maneno yanayofuata hayasikiki.

Nilipoirudia sehemu hiyo baada ya kuzielewa zile kanuni za sauti, kuna jambo lilinigusa. S ya "siens" inatoka kwenye s ya Kilatini, na sh ya Kipikardi ilikuja pale palipokuwa na c kama ile ya "centum". Kwa hiyo kanuni ya kweli hailigusi neno hilo. Isitoshe, kwa Kipikardi mbwa ni "kien", kwa hiyo watu wawili wanaokisema wasingeweza kukosana hapo hata kwa bahati mbaya. Filamu imeichukua kanuni moja na kuitandaza juu ya kila s inayokutana nayo, ili mtu wa Lyon au Marseille apate kucheka bila kujifunza chochote. Kinachosikika sehemu kubwa ya filamu ni Kifaransa cha kawaida kilichonyunyiziwa sh, pamoja na maneno machache halisi, kama "braire", kulia machozi. Kwa maneno mengine, watazamaji waliondoka wakiamini wamesikia lahaja, na walichosikia ni lafudhi iliyotiwa chumvi.

Walioishi na lugha hiyo, waandishi na walimu wa Kipikardi, hawakufurahishwa na hilo, nami naona walikuwa na haki. Tena walikuwa na hoja ya pili iliyo nzito zaidi: Bergues siyo mji wa Kich'ti. Uko Flandria ya Kifaransa, na lugha ya mababu wa pale ni Kiflemi, ndugu wa Kiholanzi, wala si mtoto wa Kilatini. Ni kama filamu ya kuonyesha Kimvita ipigwe katikati ya Wagiriama. Majirani, naam, lakini si wale wale. Paris haikuona tofauti. Ukiwa mbali, kaskazini yote ni kaskazini.

Lakini kwa nini watu wazima walie wakicheka filamu, kama wengi wa kaskazini walivyofanya? Jibu liko shuleni, na ni la zamani. Mwaka 1794, katikati ya Mapinduzi, padri Henri Grégoire aliwasilisha ripoti bungeni juu ya ulazima wa kuziangamiza "patois" na kukieneza Kifaransa. Alikadiria kwamba wanaokisema Kifaransa sawasawa hawakuzidi milioni 3. "Patois" ni neno la kudharau, linashusha kama sisi tunavyosema "kilugha", kwa ile ki- ya kupunguza. Elimu ya lazima ya miaka ya 1880 ikaifanya kazi hiyo darasa kwa darasa. Mkoani Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, mtoto aliyeponyokwa na Kibretoni, lugha ya huko, alipewa kitu cha aibu akae nacho mpaka amkamate mwenzake amrithishe. Waliosoma Kenya wanakijua kitu hicho vizuri, wengine walikivaa shingoni. Mtoto wa Kipikardi aliumizwa kwa namna nyingine. Kwa kuwa lugha yake inafanana na Kifaransa, hakuambiwa anasema lugha iliyokatazwa. Aliambiwa hajui kusema. Ukiambiwa hivyo tangu miaka sita, unakua ukijihadhari na mdomo wako mwenyewe.

Juu ya ulimi ikaja picha. Kaskazini ndiko kulikokuwa na makaa ya mawe. Mlipuko wa mgodi wa Courrières tarehe 10 Machi 1906 uliua watu 1,099. Vizazi vilishuka chini ya ardhi, Wapoland na baadaye Wamoroko wakashuka pamoja nao, nchi nzima ikapata joto na umeme kwa jasho lao. Mgodi wa mwisho wa mkoa ulifungwa Oignies mnamo Desemba 1990. Ajira zikaondoka, na picha ikabandikwa: baridi, ulevi, uvivu, umaskini. Kisha miaka ya 2000 ikaja kesi ya Outreau, ya unyanyasaji wa watoto, ambamo watu 13 walioshtakiwa walikuja kuachiwa huru kwa kutokuwa na hatia baada ya maisha yao kuvurugwa. Magazeti yalikuwa yameshauandika mkoa mzima kwa wino ule ule.

Kwa hiyo kumwona tarishi wa kaskazini akiwa mtu mwema, mwenye rafiki, mwenye mama mkali na mpenzi anayemwogopa kumtamkia, kulikuwa kitulizo. Kuna usemi ndani ya filamu kwamba mgeni wa kaskazini hulia mara mbili, anapofika na anapoondoka. Wenyeji waliukumbatia wakauandika kwenye fulana. Watalii wakaanza kufika Bergues, wakitaka kuona posta na mnara wenye kengele. Jibini ya maroilles, inayonuka kwa nguvu na inayochovywa kwenye kahawa ya chikori katika filamu, ikapata wateja ambao hawakuwahi kuisikia. Watu waliokuwa wakificha lafudhi yao Paris walianza kuitoa hadharani.

Wapo wa kaskazini waliolalamika kinyume, kwamba kaskazini ya filamu imesafishwa mno. Hakuna asiye na kazi, hakuna kiwanda kilichofungwa, kila mtu anakula chipsi na kukumbatiana. Huyu anasema picha mbaya imeondolewa, yule anasema imewekwa picha nzuri mno mahali pake. Sioni kama wanapingana.

Halafu ikafika tarehe 29 Machi 2008. Fainali ya Kombe la Ligi, Stade de France, Paris Saint-Germain dhidi ya Lens, timu ya nchi ya makaa. Upande wa mashabiki wa Paris likafunuliwa bango refu lililowaita watu wa kaskazini wabakaji wa watoto, wasio na kazi na waliozaana ndugu kwa ndugu, na likamalizia kwa jina la filamu: karibuni kwa Wach'ti. Filamu ilikuwa kwenye kumbi za nchi nzima kwa mwezi mmoja tu. Serikali ilikivunja kikundi cha mashabiki wa Paris kiitwacho Boulogne Boys mwezi uliofuata.

Wengi husema bango lile ni matunda ya filamu: mmechekesha watu, haya sasa wamecheka. Wengine husema waliokasirika hawana ucheshi. Siafikiani na upande wowote. Bango halikutaja sh wala k, halikutaja neno hata moja la Kipikardi. Liliokota Outreau, likaokota migodi iliyofungwa, mambo yaliyokuwapo kabla ya Dany Boon kushika kamera. Lilichoazima kwenye filamu ni jina tu, la kuvika tusi la zamani nguo mpya.

Jibu la filamu yenyewe juu ya jambo hili limo ndani yake, na ajabu ni kwamba halitajwi sana. Philippe anaizoea Bergues, anaipenda. Lakini kila akimpigia Julie simu akamwambia ukweli, mkewe haamini. Anadhani mumewe anajikaza kiume. Basi Philippe anaacha kusema kweli, anaanza kumwelezea mateso anayoyategemea kuyasikia, na mapenzi nyumbani yanarudi. Siku Julie anapoamua kuja kumuuguza, Philippe inambidi awaungamie wenzake wa posta aliyoyasema juu yao. Wanaumia. Kisha wanamsaidia. Wanampokea Julie, wanampeleka kwenye kijiji kilichochakaa cha wachimba migodi, wanamwambia hii ndiyo Bergues, na wanajifanya walevi na wakorofi, neno kwa neno kama alivyoambiwa. Wameivaa ile picha ya kubandikwa kama joho la maigizo, na yeye anaiamini papo hapo, kwa sababu ndiyo aliyokuja nayo.

Huo ndio moyo wa filamu kwangu. Mgeni hakudanganywa na lafudhi. Alidanganywa na alichokuwa akikijua tayari. Mwaka 2010 Waitalia waliitengeneza upya kwa jina la Benvenuti al Sud na kuigeuza dira: huko mwenye kuhurumiwa ni mtu wa kaskazini anayepelekwa kusini, Castellabate. Hawakuhitaji kubadili mengi.

Kicheko juu ya lafudhi hakikuisha Ufaransa. Mwaka 2018 mwanasiasa Jean-Luc Mélenchon aliulizwa swali na mwandishi wa habari mwenye lafudhi ya Toulouse, akauliza kama kuna mtu anayeweza kumuuliza swali kwa Kifaransa. Novemba 2020 Bunge la Taifa lilipitisha katika hatua yake ya kwanza, kwa kura 98 dhidi ya 3, muswada wa kuuhesabu ubaguzi kwa sababu ya lafudhi pamoja na ubaguzi mwingine. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi hawahitaji kuelezwa muswada ule ulikuwa wa nini. Wao husema "septante" na "nonante" kwa sabini na tisini, kama walivyorithi kwa Wabelgiji, ni Kifaransa safi na chepesi kuhesabia kuliko cha Paris, na bado wakifika Paris husahihishwa kama watoto.

Na lugha yenyewe? Tiketi milioni 20 hazikuipa Kipikardi wasemaji wapya. UNESCO inakiweka miongoni mwa lugha zilizo hatarini sana, maana yake wanaokisema wengi ni mababu na mabibi. Ubelgiji, upande wa Kifaransa, ilikitambua kama lugha ya eneo mwaka 1990. Ufaransa iliandika katika Katiba yake, Julai 2008, kwamba lugha za mikoa ni urithi wa nchi, miezi mitano baada ya filamu kutoka, ingawa sioni sababu ya kudai kwamba hili lilileta lile. Sheria ya 1951 iliyofungulia shule lugha za mikoa ilizitaja Kibretoni, Kibaski, Kikatalani na Kioksitani, na Kipikardi hakikuwemo. Kilingoja mpaka mwishoni mwa 2021, wizara ya elimu ilipotoa waraka wa kukiongeza kwenye lugha zinazoweza kufundishwa. Siku hiyo hiyo, kwenye waraka huo huo, kiliongezwa na Kiflemi, lugha ya mababu wa Bergues.